Mpiga simu alimuuliza mgeni wangu kama ana mke, na mimi nikalirudia swali

Mtangazaji wa Walukuba (Jinja)

Habari zenu ndugu. Nimesoma humu jukwaani miaka mitatu bila kuandika neno. Leo nina jambo limenikwama kooni tangu Jumamosi.

Natangaza kipindi cha Kiswahili kwenye redio ndogo ya hapa Jinja, saa tatu usiku mpaka saa tano. Wasikilizaji wangu ni wavuvi wa Masese, wanajeshi na wake zao kambini, madereva wa malori wanaokwenda Malaba, na sisi watoto wa Walukuba tuliokulia kwenye nyumba za wafanyakazi wa viwanda, ambako Msoga, Mjaluo, Mgisu na Mnubi walipakana ukuta kwa ukuta na lugha ya kugombania bomba la maji ilikuwa Kiswahili. Nasema haya mjue kwamba hii si redio ya Kampala. Hapa mtu akitajwa hewani usiku, asubuhi hata muuza chapati anazo habari zake.

Mgeni wangu alikuwa mgombea. Ana miaka 46, ana duka la vifaa vya ujenzi, hajaoa. Alikuja kuzungumzia takataka za sokoni na barabara inayoteremka ziwani, na alikuja amejiandaa: daftari la mistari, kurasa nne, malori mangapi ya taka kwa wiki, lita ngapi za dizeli. Nimewahoji wagombea wengi. Mwenye daftari ni huyo peke yake.

Simu ya kwanza ilikuwa ya taka. Ya pili, mama mmoja akalalamikia bili ya maji. Ya tatu laini ilikuwa inakwaruza kama mtu anakaanga karanga. Nikadaka maneno kwa taabu, na kwa mazoea ya kazi nikafanya ninachofanya siku zote laini ikiwa mbovu: nikalirudia swali kwa sauti yangu, taratibu, ili wa Masese na wa Bugembe wote walipate. "Msikilizaji anauliza, mheshimiwa, una mke? Na kama huna, wananchi wana haki ya kujua ni kwa nini, na kama wewe ni mwanamume kama wanaume wengine." Nilipofika kwenye "wengine" ndipo nikaelewa nimebeba nini mdomoni.

Fundi mitambo wangu nyuma ya kioo alinitolea macho. Mgeni akacheka, kicheko kifupi, akasema yeye ameoa kazi. Nikaweka tangazo la mbegu za mahindi. Kwa nusu saa iliyobaki tukapata ujumbe 80 na zaidi, na siku ya kawaida tukipata 20 tunashukuru. Hakuna hata mmoja uliotaja takataka. Meneja alinipigia usiku ule ule kunipongeza.

Nilipotoka nje nilimkuta mgeni bado yumo kwenye gari lake uani, taa zimezimwa. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Dada, yule alikuwa hasikiki. Kwa nini ulilirudia?"

Tangu Jumatatu vijana wa steji ya boda karibu na duka lake wamempa jina. Silisemi hapa.

Swali langu ni hili. Mtu anayetaka kura, au mwanamuziki tunayemlipia kiingilio, au askofu tunayempigia magoti, tunamdai atuambie yeye ni wa namna gani katika mapenzi? Na mimi mwenye kipaza sauti, kazi yangu ilikuwa kumsaidia mpiga simu asikike, au ilikuwa kitu kingine? Huyo bwana simjui kwa undani na sitaki mtu amkisie. Tafadhali msitaje jina la yeyote.

Baba Trevor (Mbale)

Dada pole, lakini mimi nitakuambia hukukosea. Anayeomba kura amejileta sokoni kwa miguu yake. Mabango ya hapa Mbale yote yana mke, watoto, mpaka bibi wa mgombea kaketishwa kwenye kiti cha plastiki. Wao wakiombea kura kwa ndoa zao ni sawa, sisi tukimuuliza mwingine ndoa yake iko wapi tunakuwa wambeya? Kanisani kwetu hufanywi mzee wa kanisa mpaka nyumba yako ijulikane. Mficha uchi hazai.

Halafu mnamsahau Philly Bongoley Lutaaya. 1989 alitoka Sweden, mwimbaji mkubwa, akasimama mbele ya nchi akasema ana UKIMWI. Nilikuwa mtoto wa shule. Wazee kijijini walisema anatafuta soko la kanda zake. Akazunguka mashule na makanisa mpaka mwili ukagoma, akafariki Desemba mwaka huo huo. Shangazi yangu, mjane wa dereva wa lori, alipata moyo wa kwenda kupima kwa sababu ya mtu yule. Sasa mnataka kuniambia wakubwa wa leo wana haki ya kujificha?

Mzee wa Magazeti (Jinja)

Binti yangu, nakusikiliza kila Jumamosi. Ile pia nilikusikiliza, na ulipolirudia lile swali nilizima redio.

Nimeuza magazeti karibu na stendi ya teksi miaka 26. Februari 2014 Rais alitia saini sheria ile ya kwanza ya kupinga ushoga siku ya Jumatatu. Jumanne asubuhi gazeti moja la udaku likaja na habari ya orodha ya watu 200 lililosema ni mashoga, ukurasa wa mbele mzima. Kwa kawaida nilichukua nakala 15 za gazeti hilo. Siku hiyo wakala akanipa 40, akasema utaomba nyingine. Alisema kweli. Haijafika saa tatu nilibaki na 11.

Akaja bwana mmoja, shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa. Akazinunua zote 11. Nikamwambia, ssebo, moja inatosha, habari ni ile ile. Hakujibu. Alilipa, hakungoja chenji, akazikunja akazibana kwapani bila kufungua hata moja, akakata kona kuelekea upande wa ziwa. Mimi nilicheka. Nikamwambia jirani yangu wa karanga, yule ana kichaa cha habari. Ilinichukua muda, na naona aibu kusema ni muda gani, kuelewa kwamba hakununua ili asome.

Sijui kama jina lilikuwa lake, au la ndugu yake, au la mwalimu aliyemfundisha kusoma. Saa sita mchana wakala aliniletea 30 nyingine.

Na kabla ya hapo, Oktoba 2010, kulikuwa na kijigazeti cha Kampala kilichojiita Rolling Stone, msikichanganye na lile gazeti la Marekani. Kilichapa picha na majina, kikaandika wanyongwe. Watu watatu wakaenda Mahakama Kuu. Januari 2011 Jaji Kibuuka Musoke akasema utu wao na faragha yao vimevunjwa, kila mmoja alipwe shilingi milioni moja na nusu. Mmoja wao, David Kato, aliuawa nyumbani kwake Mukono kabla mwezi haujaisha. Kuna mtu alifungwa miaka 30 kwa kifo hicho, na polisi walisema hakihusiani na kazi yake ya kutetea watu. Sibishani na polisi, umri wangu hauniruhusu. Nasema tu kuwa nimeyaona majina yakiondoka mezani pangu, na sikuwahi kuliona hata moja likirudi.

Baba Trevor (Mbale)

Mzee, heshima yako. Lakini wale walitajwa na gazeti. Mimi nasema mtu ajitaje mwenyewe kama Lutaaya. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Mzee wa Magazeti (Jinja)

Na huyo wa Jumamosi alijitaja mwenyewe?

Binti Bombo (Bombo)

Assalaam alaykum. Kwanza nicheke kidogo. Bibi mzaa mama yangu alikuwa mtu wa Mombasa aliyeolewa na Mnubi wa hapa Bombo, na mpaka anakufa aliwaita marafiki zake mashoga. "Shoga yangu Mwanajuma kaniletea kashata." Wanawake wa pwani wanaitana hivyo mchana kweupe sokoni. Mimi nikaenda bweni Kampala, siku ya pili nikamwita msichana mwenzangu shoga, bweni zima likanyamaza kama mtu kaangusha sahani. Matroni akaitwa. Ilibidi baba yangu, sajini mstaafu, apande teksi kuja kumfundisha matroni Kiswahili cha pwani.

Sasa la msingi. Mimi naamini ni dhambi, sitaki kumdanganya mtu, na maneno ya humu hayatanibadilisha. Lakini dini hiyo hiyo iliyoniambia ni dhambi imenikataza kupeleleza. Suratul Hujurat aya ya 12: msipelelezane. Na Suratun Nur, anayewasingizia wanawake watahirifu uzinzi asilete mashahidi wanne, viboko 80, na ushahidi wake usipokewe tena. Mashahidi wanne! Mpiga simu wako alikuwa na laini mbovu tu.

Kwetu tunaita sitara. Aibu ya mtu ukiijua unaifunika, na usipoijua huchukui jembe kwenda kuichimba. Baba Trevor unadhani tusipouliza tumebariki. Hapana kaka, tumenyamaza tu, na kunyamaza nako kuna thawabu zake.

Ila dada mtangazaji nawe nina neno lako. Angekuwa mgombea mwanamke, miaka 46, hajaolewa, ungelirudia swali? Maana sisi tunaulizwa hivyo kila siku, na mashangazi, na wenye nyumba za kupanga, na hakuna anayekosa usingizi akaja kutuandikia humu.

Mtangazaji wa Walukuba (Jinja)

Dada, ningelirudia. Tena ningeongezea la watoto. Nimewahi kufanya hivyo, mwaka juzi, kwa mwalimu mkuu mmoja aliyekuja kuzungumzia vyoo vya wasichana. Nilikuwa nimesahau kabisa mpaka niliposoma ulichoandika. Alijibu kwa adabu, tukaendelea. Nilidhani ni utani wa kumchangamsha mgeni.

Mkung'uta Gitaa (Kabalagala, Kampala)

Mmewasema wanasiasa, niseme sisi wa jukwaani. Nilitoka Bunia na gitaa moja, sasa ni mwaka wa 11 napiga kwenye mabaa ya Kampala. Promota wangu wa zamani aliniona miezi sita bila mwanamke pembeni, akasema watu wataanza maneno, bora tuwahi. Akaniletea binti mmoja mrembo, tukapiga picha Entebbe ufukweni, pete ya shilingi 15,000 kidoleni, ikatangazwa nimechumbia. Kiki tupu. Watu walijaa. Binti alilipwa, nami nikalipwa, yeye alikuwa na mchumba wake wa kweli Masaka.

Kwa hiyo mkidai msanii awe wazi, jueni kwamba uwazi tayari tunauuza kwa kilo. Mlichoonyeshwa siku ile nilikiigiza. Kuhusu kweli yangu hamkupata kitu, na wala hamkurudisha tikiti.

Bado Mwanafunzi (Makerere)

Niko mwaka wa tatu wa sheria, yachukueni kama maneno ya mwanafunzi.

Kuna mambo ambayo kiongozi wetu anadaiwa kwa maandishi. Sheria ya Maadili ya Viongozi ya 2002 inamtaka mbunge au waziri atangaze mali, mapato na madeni yake kwa Inspekta Jenerali wa Serikali, kila baada ya miaka miwili, pamoja na mali za mwenzi wake na watoto. Hata mke anaingia pale kwa ajili ya viwanja, kitanda hakimo kwenye fomu. Katiba, ibara ya 27, inalinda faragha ya nyumba na mawasiliano ya mtu. Ibara ya 41 inatupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, kisha hapo hapo inaweka mpaka pale faragha ya mtu mwingine inapoguswa. Niambieni ni mpiga simu gani amewahi kupiga saa tatu usiku kuulizia fomu ya mali.

Ila kuna hoja moja inayonisumbua, nayo ni ya unafiki. Mtu anasimama bungeni anapiga kura kuwafunga watu kwa jambo analolifanya naye. Huyo naye tumsitiri? Marekani alikuwapo mbunge Barney Frank, aliyejitangaza mwenyewe 1987. Msimamo wake ulikuja kuitwa kwa jina lake: mwanasiasa aachiwe siri yake, isipokuwa yule anayetumia cheo chake kuwaumiza walio kama yeye. Nilipousoma mara ya kwanza nilipiga makofi peke yangu chumbani. Kisha nikajaribu kuuleta Kampala. Kule anayefichuliwa anapoteza kiti na pengine mke. Hapa sheria ya 2023 ina kifungo cha maisha, na kuna makosa mengine ndani yake yenye adhabu ya kifo. Nikimfichua mnafiki, silaha niliyomshikia ni ile ile sheria ninayomlaumu kwa kuipitisha. Nitakuwa nimeitumia kabla ya polisi. Hapo ndipo nimekwama, na mtihani ni wiki ijayo.

Baba Trevor (Mbale)

Soma vizuri mwanafunzi. Sheria haimfungi mtu kwa kuwa hivyo. Inamfunga kwa kutenda. Kwa hiyo mtu anaweza kujibu.

Bado Mwanafunzi (Makerere)

Ni kweli, na umenifurahisha kwa kuisoma. Muswada uliopitishwa Machi 21, 2023 uligusa hata mtu kujitambulisha. Rais akaurudisha, na toleo la Mei likaliondoa hilo. Aprili 3, 2024 Mahakama ya Katiba ikafuta vipande vichache, kikiwemo kile kilichowalazimisha watu kuripoti wanayemshuku, ikaiacha sheria isimame. Kwenye karatasi uko sawa.

Sasa toka kwenye karatasi. Mtu amejibu "ndiyo, niko hivyo" hewani, Jinja, saa tatu na nusu usiku. Vijana wa steji watasubiri kumuuliza kama ametenda? Afisa wa zamu je? Mwenye nyumba wake?

Mpemba wa Kisenyi (Kampala)

Niongeze la nyumbani. Freddie Mercury, yule mwimbaji wa kundi la Queen, kazaliwa Unguja 1946, jina la wazazi ni Farrokh Bulsara. Waandishi wa udaku walimzunguka nyumbani kwake London mpaka siku za mwisho na hakuwapa walichotaka. Novemba 23, 1991 ikatoka taarifa yake kuwa ana UKIMWI. Kesho yake akafa. Wakamsema kuwa kachelewa kusema. 2006 watu walitaka kumfanyia sherehe Zanzibar ya kutimiza miaka 60 ya kuzaliwa kwake, watu wa dini wakapinga, ikafutwa. Na Mji Mkongwe kuna nyumba yenye jina lake, watalii wanapiga picha mlangoni kutwa, na binamu yangu anawauzia madafu. Akificha wanamsema, akisema wanamsema, kafa wanamsema. Madafu yanauzika.

Mtangazaji wa Walukuba (Jinja)

Nimerudi. Nimesoma yote, mengine mara mbili.

Jana usiku sikulala, nikawa natafuta kama kuna mtu mwenye cheo aliyewahi kulisema hili mwenyewe redioni. Nikampata Leo Varadkar wa Ireland. Alikuwa waziri wa afya. Januari 18, 2015, siku aliyotimiza miaka 36, aliingia studio ya redio ya taifa akasema. Na sababu aliyoitoa ningeipenda iwe ya Baba Trevor: kulikuwa na maamuzi yanakuja mezani kwake, ya uchangiaji damu na mengineyo, na kura ya maoni ya Mei kuhusu ndoa, akaona watu wasije wakadhani ana ajenda ya kificho. Aliona anadaiwa, akalipa. 2017 akawa waziri mkuu.

Nikafurahi kwa dakika kama kumi hivi. Kisha nikakuta kwamba Ireland waliiondoa 1993 sheria yao iliyolifanya jambo hili kosa la jinai. Miaka 22 kabla. Kwa hiyo Varadkar alipokaa mbele ya kile kipaza sauti alikuwa na majibu mawili mfukoni, na yote mawili yalimruhusu kurudi nyumbani kulala.

Mgeni wangu alikuwa na moja tu. Aseme hapana, acheke, aseme ameoa kazi, aseme Mungu hajamjalia, ni lile lile moja. Na anayehusika na asiyehusika wangejibu sawasawa. Sasa swali ambalo watu wote wa dunia hii watalijibu jibu moja linanipa habari gani? Ningemuuliza mgombea "wewe ni mwizi?" mngenicheka. Miaka tisa natangaza, na sikuliona hilo mpaka wiki hii. Hakuna aliyekuwa anatafuta ukweli Jumamosi ile. Tulikuwa tunamtazama mtu akijikunja, na zile jumbe 80 zilikuwa kiingilio.

Kuhusu Lutaaya, Baba Trevor, usidhani nakuruka. Nyumbani kwetu picha yake ilikuwa ukutani. Lakini aliposema "ninao", hakukuwa na kosa la jinai katika sentensi ile. Alitukanwa, aliogopwa, watu walikataa kumpa mkono, yote hayo. Ila askari hakuwa akimngoja nje ya ukumbi. Tena alisema kwa kuwa ugonjwa ulikuwa unapita kwa watu wasiojua, na ujuzi wake ungewaokoa. Yangu ya Jumamosi yalimwokoa nani?

Nimemkumbuka pia Binyavanga Wainaina, mwandishi wa Kenya ambaye mama yake alitoka huku kwetu. Naye alizaliwa Januari 18, angalieni maajabu. Alipotimiza 43, Januari 2014, Nigeria imeshatia saini sheria yake ya kupinga ushoga na ya kwetu inangoja kalamu, aliandika makala kama anayezungumza na mama yake aliyekwisha kufa, akamwambia. Wapo waliomwita jasiri na wapo waliomlaani. Lakini alichagua siku, akachagua maneno, akachagua hata wa kumwambia kwanza. Mgeni wangu alichaguliwa vyote na mtu asiyesikika, na mimi nikiwa tarishi.

Baba Trevor (Mbale)

La jibu moja nimelielewa. Sijui nilipe jibu gani, nimekaa nalo tangu asubuhi.

Bado naona mgombea aiweke familia yake wazi, mniruhusu kubaki na langu. Lakini mke wangu amesoma haya yote juu ya bega langu, na ananiuliza kwa nini sijawahi kuuliza wale wa mabango walikopata pesa za mabango.

Binti Bombo (Bombo)

Msalimie mkeo sana. Muulize anagombea lini.

Mtangazaji wa Walukuba (Jinja)

Nimempigia mgeni leo mchana. Nilitaka kumwomba radhi hewani Jumamosi hii. Akakataa. Akasema mpiga simu alisema mara moja, mimi nikasema mara ya pili, radhi ya hewani itakuwa mara ya tatu. Sikuwa na la kumjibu. Yuko tayari kurudi na daftari lake la taka, ila kipindi kirekodiwe mchana bila simu. Meneja hataki kusikia habari ya kipindi kisicho na simu baada ya zile jumbe 80. Nimebaki katikati.

Kuna kifaa wenye redio kubwa wanacho, kinaichelewesha sauti sekunde chache kabla haijaenda hewani, mtangazaji akisikia balaa anabonyeza, inakatwa. Kipya bei yake ni mishahara yangu ya miezi mingi. Kuna anayejua njia ya maskini?

Fundi Mitambo (Iganga)

Ipo. Kompyuta ya pili hata kuukuu, nyaya mbili za sauti, na programu ya bure. Nilifunga moja kwenye redio ya kanisa, inachelewesha sekunde 8, inatosha kabisa. Tatizo moja: wapiga simu wazime redio zao, la sivyo watajisikia wakiongea nyuma yao wenyewe na kuchanganyikiwa. Naweza kuja Alhamisi. Nauli ya teksi kwenda na kurudi, basi.

Mtangazaji wa Walukuba (Jinja)

Njoo Alhamisi. Nauli ipo na chakula kipo.

Mzee wa Magazeti (Jinja)

Na laini ikikwaruza, binti?

Mtangazaji wa Walukuba (Jinja)

Nitamwambia apige tena.